Ngwara: Malisho ya Zizini, Mboga ya Nyumbani



Twashukuru kupewa nafasi siku hii ambayo Chama chetu chatimiza miaka kumi. Wengine watasifu hesabu na maghala. Sisi twapenda kuusifu mmea mmoja uliozoeleka hata ukadharauliwa, nao ni ngwara.

Huko Ulaya wafugaji hupanda klova: ng'ombe hula majani, na watu huweza kula maua yake. Mmea ule hupenda baridi na unyevu. Ngwara ni ya jamii iyo hiyo ya kunde, lakini huvumilia kiangazi chetu. Mizizi yake huhifadhi vijidudu vivutavyo naitrojeni ya hewani na kuurutubisha udongo. Majani machanga, maua na maganda mabichi hupikwa mboga. Wageni waliitambua thamani hiyo: mbegu iliyotoka Rongai, nchini Kenya, ilitolewa kwa wakulima wa Australia mwaka 1962, kwa jina lilo hilo la Rongai.

Ndugu wanachama, twakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka mipaka ya kununua mbaazi kutoka nje. Bei ikaanguka, na gunia likawa mzigo kwa mwenyewe. Soko la ngwara nalo, hasa Kenya wanakoiita njahi, si letu kuliamuru. Lakini mwenye ngwara ana milango mitatu: soko, chungu na zizi. Mmoja ukifungwa, miwili imebaki.

Hata hivyo tusidanganyane. Atakaye malisho bora hana budi kukata mmea unapoanza kuchanua. Atakaye mbegu hana budi kungoja, na mashina huwa magumu. Basi mwanachama na aligawe shamba lake: sehemu ya zizi na sehemu ya ghala. Majani yanyaushwe kidogo, yachanganywe na mabua ya mahindi au mabingobingo, ng'ombe asije akavimba tumbo. Punje kavu zina sumu. Zilowekwe, zichemshwe sana, na maji yake yamwagwe.

Ombi letu kwa Chama ni moja: ghala liweke akiba ya mbegu ya ngwara, na akopaye mbegu arudishe mbegu wakati wa mavuno. Miaka kumi tumeuza pamoja. Sasa na tuhifadhi pamoja. Akiba haiozi.