Kuku na Makaroni kwa Namna ya Wachina

Sokoni Bunia kuko makaroni ya pakiti, na watoto wanaipenda sana. Mama mmoja aliniuliza siku ya kilo: «Ninamupa mutoto makaroni kila siku, anashiba. Sababu gani kilo yake haipande?» Nikamuuliza: unatia nini ndani? Akajibu: mafuta na chumvi. Basi.

Makaroni ni unga wa ngano. Inashibisha, lakini peke yake haijenge mwili wa mutoto sawasawa. Wachina nao wanakula makaroni yao nyembamba, ila wanaikaanga pamoja na nyama kidogo na mboga nyingi. Ni hiyo tutapika.

Kwa watu sita, twaa kifua cha kuku na paja moja, si kuku muzima. Kata vipande vidogo kama ncha ya kidole; vinaiva upesi, na makala haiishe. Kiisha osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni mbele ya kukata mboga, kwa maana maji ya kuku mubichi yanaleta kuhara. Usiache hii hata kama uko na haraka!

Chemusha pakiti moja ya gramu 500, mwaga maji. Kata kitunguu, karoti, na shu ao lengalenga nyingi. Moto uwe mukali. Tia mafuta, kiisha kuku, geuza-geuza mpaka hakuna wekundu ndani. Pasua kipande kimoja uone. Tia kitunguu, tangawizi na karoti, kiisha majani, dakika tatu tu. Mwisho makaroni, uchanganye. Kuku akikosa, tia mayai, ao samaki wa Kasenyi bila miiba.

Sasa ngoja, usitie chumvi bado. Katika nyumba nyingi paja ni ya baba, firigisi ni ya baba, na mutoto anapewa muchuzi. Hapa nyama imechanganyika, hakuna paja ya kuonekana, lakini nimeona mikono ikichagua! Kwa hiyo pakua ya mutoto kwanza. Aliyepita miezi sita, umupondee laini, naye aendelee kunyonya. Wa mwaka mmoja, umukatie makaroni fupi isimusonge.

Halafu tia chumvi ya iodi na ndimu kwa wakubwa. Wachina wanatia muchuzi wa soya, lakini ule ni chumvi nyingi, na bei yake!

Mifupa usitupe. Itokose jioni ileile pamoja na maharagi.