MBEGU CHOTARA SIYO GMO
(Maneno ya Mwenyekiti mkutanoni)



Wengine mmegoma kuchukua mbegu ya dukani, eti ni GMO. Hapana jamani! Ile ni chotara: aina mbili za mahindi zimepandishwa shambani, basi. GMO huingizwa maabara chembe ya urithi, pengine ya kiumbe kingine kabisa, kama kijidudu cha udongoni kinachoua funza wa mabua. Hapa Tanzania mahindi hayo yalijaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016. Novemba 2018 Serikali ikasimamisha.

Mimi la kunitisha ni jingine. Chotara ukiirudia shambani mavuno hushuka, kwa hiyo kila msimu ni kununua. Bei anapanga nani? Siyo sisi. Chukueni chotara, lakini kila kaya ilete ghalani pishi moja ya mbegu ya asili kabla ya masika. Katibu anaandika majina.