Makumbusho ya Bujora si ya Wasukuma peke yao

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Nyakato, Mwanza)



Mmeniita niseme juu ya kikundi cha kujitolea kinachokusudiwa kuundwa hapa Nyakato ili kuyasaidia Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Nitasema waziwazi, maana jambo hili lina maswali yasiyojibiwa kwa kupiga makofi.

Bujora si mbali. Barabara hii ya Musoma hutufikisha Kisesa, na kutoka hapo ni mwendo mfupi. Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1968. Mwanzilishi wake, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na wenyeji kukusanya ngoma, vifaa vya kitemi, zana za kazi na za uganga. Tukumbuke majira yenyewe: utawala wa watemi ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1963. Ngoma za kitemi zilikuwa zimepoteza kazi, na kitu kilichopoteza kazi hugeuka kuni upesi.

Swali la kwanza ninalolisikia ni hili: "Mimi ni Mhaya, au Mjita, au Mchaga. Bujora yanihusu nini? Je, huu si ukabila?" Swali hili ni la haki. Lakini Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka itafute yaliyo bora katika mila za makabila yote, yawe sehemu ya utamaduni wa taifa. Ukabila ni kubagua na kujitenga. Mwalimu wa Kihaya anayemweleza mtoto wa Kikurya maana ya ngoma ya Kisukuma hajitengi na mtu yeyote, analijenga taifa.

Swali la pili: "Kwa nini kazi hii isiachiwe serikali, au kanisa lililoianzisha?" Ndugu zangu, ngoma isiyo na maelezo ni gogo lililowambwa ngozi. Mzee anayejua ngoma ile ilipigwa lini, na nani, na kwa sababu gani, hasubiri fungu la bajeti. Siku yake ikifika huondoka na elimu yake. Kazi ya kumkalia mzee kitako, kumsikiliza na kuandika kwa usahihi, yahitaji watu wengi wenye kalamu na subira. Watu hao ndio ninyi. Nchini Kenya, tangu mwaka 1971, kipo chama cha wananchi wanaojitolea kuyasaidia makumbusho ya taifa lao. Sisi tulio jirani na Bujora hatuna sababu ya kungoja mgeni mwingine atoke ng'ambo atukumbushe thamani ya vitu vyetu.

Swali la tatu ni la muda na fedha. Mishahara naifahamu. Lakini vijana wa Usukuma walilima mashamba kwa vikundi, kwa jembe na wimbo, na ngoma ya bugobogobo inayochezwa kwa majembe yatokana na kilimo hicho. Kazi iliyomshinda mmoja haikuwashinda wengi. Siku moja kwa mwezi yatosha: huyu aandike kadi za vifaa, yule apige picha, mwingine akague mchwa na unyevu, mwingine awaongoze wanafunzi.

Hata hivyo, natoa tahadhari. Vikundi vingi tumeviona vikizaliwa kwa hotuba na kufa kwa ukosefu wa daftari. Kwa hiyo ada iwe ndogo, kila shilingi iandikiwe risiti, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote. Tusifanye lolote bila ridhaa ya walinzi wa Bujora, wala kifaa kisitoke pale kwa kisingizio cha kutunzwa. Tunakwenda kusaidia, hatuendi kutawala. Na asiyeweza kuja asiandike jina lake kwa heshima tu. Jina lisilo na mikono halifukuzi mchwa.

Kila mwezi Juni, katika sherehe za Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na sisi hukusanyika kushangilia. Kushangilia ni kwema. Lakini umati ukishatawanyika, vifaa hubaki ndani ya nyumba zile, vikihitaji mtu wa kuvitunza. Hapo ndipo kazi ya kikundi hiki inapoanza.

Daftari la wanachama liko mezani.