Kuipanga Njia ya Mwanga
Hotuba kuhusu mtandao wa vidhibiti vya taa za Diwali



Kamati ya maadhimisho imetuomba tuseme machache juu ya taa za hekalu. Wengi wenu mnatufahamu kuwa ni watu wa duka. Elimu yetu iliishia sekondari, na kompyuta tumeikuta ukubwani. Lakini mwenye duka akipotelewa na mzigo hulala vibaya mpaka ajue umepotelea wapi, na mwaka jana, usiku wa Diwali, mzigo wetu ulipotea mbele ya mtaa mzima.

Mnaikumbuka jioni ile. Watoto wa majirani walikwisha kukaa juu ya ukuta tangu saa kumi na mbili. Tulipowasha, mnara uling'aa vizuri kwa dakika chache. Kisha taa za ukutani zikaanza kugeuka manjano kadiri zilivyokuwa mbali na ofisi, za kwenye miembe zikawa zinapepesa kama jicho lenye mchanga, na mwishowe zote zikaganda katika rangi moja. Kijana wetu aliyezifunga alikuwa amekwenda masomoni Dar es Salaam. Tulimpigia simu, naye maskini akajaribu kutuelekeza, lakini hakuna miongoni mwetu aliyejua anwani ya kidhibiti wala neno la siri. Mama zetu wakawasha diya za udongo, sherehe ikaendelea. Watoto wakateremka ukutani, wakaenda nyumbani.

Tulitaka kumlaumu aliyetuuzia taa. Baada ya kuchunguza, tukaona kosa ni letu: tulinunua taa kwanza, njia yake tukaifikiria baadaye.

Mji huu unajua habari za njia. Burton na Speke walifika hapa Kazeh Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Miongoni mwa wenye nyumba za biashara hapa alikuwako Musa Mzuri, mtu wa Surat huko Gujarat, ambaye hakuwa wa dini yetu lakini lugha yake mabibi zetu wangeielewa. Hapa mizigo ilifunguliwa, ikahesabiwa, ikagawanywa upya: mingine kuelekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha pia watumwa, wakati fedha za safari nyingi zilikopwa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Tunalisema hilo kwa sababu hatupendi historia inayosifu hesabu na kuficha kilichohesabiwa. Hata hivyo, tulipotaka kuelewa taa hizi, ni misafara iliyotufungua macho.

Kila taa ndogo, iitwayo pikseli, ina chembe tatu za mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Kidhibiti hupeleka msururu wa tarakimu katika waya mmoja. Taa ya kwanza huchukua tarakimu zake, hupitisha zilizobaki. Ya pili huchukua zake, hupitisha. Hivyo hadi ya mwisho. Ni kama hongo ambayo watemi walitoza misafara, nasi twasema hongo ya zamani, ushuru wa njia, si hii ya leo. Kila mtemi alichukua doti zake za nguo, msafara ukasonga. Na kama mtemi mmoja aliifunga njia, wote waliokuwa mbele yake hawakupata kitu. Ndiyo maana pikseli moja ikifa, zote zinazoifuata huzimika. Mwaka jana tulikuwa na njia moja ndefu kutoka ofisini. Haishangazi ilifungwa.

Sasa mpango. Tumeugawa uwanja sehemu nne: mnara taa 600, ukuta 640, lango 200, na miembe miwili taa 400 kila mmoja. Jumla ni taa 2,240. Kila taa yahitaji chaneli tatu, kwa hiyo chaneli ni 6,720.

Mafundi huzipanga chaneli katika mafungu ya 512, desturi iliyotoka katika taa za majukwaa ya tamthilia huko Marekani mwaka 1986. Fungu moja wao huliita ulimwengu, nasi tuliosikia habari za malimwengu mengi tangu utotoni hatukuona ajabu. Ulimwengu mmoja hutosha taa 170. Mtu bahili atagawanya 2,240 kwa 170 na kusema malimwengu 14 yatatosha. Yanatosha kweli. Lakini sisi tumechagua 16, kila sehemu ikianza ulimwengu wake: mnara manne, ukuta manne, lango mawili, kila mwembe matatu. Lango lina nafasi tupu ya taa 140. Tukiongeza taa langoni mwakani, miembe haitasogezwa hata namba moja. Nani kati yetu huandika hesabu za mteja mpya juu ya mstari wa mwisho wa mteja wa zamani? Kila mteja hupewa ukurasa wake, hata kama nusu yake itabaki nyeupe.

Vidhibiti vitakuwa vitatu, kila kimoja karibu na taa zake, kwa kuwa ishara inayotoka kwenye kidhibiti hadi pikseli ya kwanza huchoka baada ya mita chache tu. Kebo ya mtandao, kwa upande wake, huenda hadi mita 100 bila taabu. Basi safari ndefu tuiachie kebo, safari fupi tuuachie waya wa taa. Cha kwanza kitakaa darini kwa ajili ya mnara na ukuta, cha pili langoni, cha tatu kati ya miembe. Kompyuta ndogo yenye programu ya onyesho itakaa ofisini, na swichi moja itaviunganisha vyote. Kompyuta imepewa anwani 192.168.50.5, vidhibiti 192.168.50.11, 12 na 13. Anwani hizo hazibadiliki, na kila kidhibiti kitapelekewa mzigo wake peke yake. Mwaka jana tarakimu zote zilitangazwa kwa wote, kama mpiga mbiu sokoni, tena kupitia waifai ileile waliyoitumia wageni kupeleka picha Leicester. Mzigo wenyewe ni mdogo, hata megabiti 4 kwa sekunde haufiki, na kebo ya kawaida hubeba 100. Kilichotuangusha ni kuuchanganya na simu za watu. Mtandao wa taa sasa utakuwa peke yake, bila intaneti.

Kasi nayo ina mpaka wake. Pikseli moja hupokea tarakimu zake kwa sehemu 30 za milioni za sekunde. Tukitaka picha 40 kwa sekunde, tundu moja la kidhibiti halitamudu zaidi ya taa 800 hivi. Ukuta wenye 640 unaingia.

Kuhusu umeme, taa hizi hutumia volti 5, na kila moja ikiwaka nyeupe kamili hula wati 0.3 hivi. Zote pamoja ni wati 672. Kwa asilimia 30 ya mwanga, ambayo gizani inatosha kabisa, ni kama wati 200, na jenereta yetu ndogo itazibeba umeme ukikatika. Manjano ya mwaka jana yalitokana na volti kupungua njiani: buluu hufa kwanza, nyeupe ikabaki kama chai ya maziwa. Dawa yake ni kuingiza umeme upya kila baada ya taa 100 hivi. Vifaa vinavyopokea volti 230 vitakaa ndani ya masanduku yasiyopitisha maji, vikiwa na swichi inayokata umeme unapovuja, maana Diwali hutukuta mvua zikianza. Radi ikianza kunguruma, kebo za kwenda miembeni zichomolewe mara moja. Matundu ya masanduku tuyazibe vema pia: kumbikumbi hawajui kwamba taa si zao, na panya wa Tabora, mnawajua.

Wazee wawili wametuuliza kama mashine hizi zitaondoa diya. Hapana. Diya zitawashwa kwanza, kwa mikono, na kompyuta itasubiri.

Linalotusumbua zaidi ni jambo jingine. Familia zetu hapa zimepungua. Watoto wetu wako Dar es Salaam, Leicester na kwingineko, nao hawatarudi kila Oktoba kuja kukumbuka neno la siri. Siku ya Chopda Pujan tunavibariki vitabu vipya vya hesabu. Mwaka huu kitabu kimoja zaidi kitawekwa pale mbele. Ndani yake mna ramani ya uwanja, anwani za vidhibiti, namba ya kila ulimwengu, rangi ya kila waya, na jina la anayeshika ufunguo. Kimeandikwa kwa Kiswahili. Kamati ilijadili sana kama kiwe kwa Kigujarati, nasi tulipinga, kwa kuwa vijana watatu waliojitokeza kujifunza kazi hii ni watoto wa majirani, na mmoja wao, tumeambiwa, alikuwa juu ya ukuta usiku ule.

Neno la siri lipo ukurasa wa pili. Kitabu kitakaa kabatini ofisini, pamoja na pikseli 100 za akiba. Jumamosi saa nne asubuhi tunaanza na lango, na tunahitaji ngazi ndefu. Mwenye nayo atuazime.