Askari wa Mlangoni Kortini
Wananchi wa Elburgon, mkifika kortini Molo na askari akaomba kupekua mkoba, msinung'unike. Juni 13, 2024, Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi katika Mahakama ya Makadara, Nairobi, punde tu alipofuta dhamana ya mshtakiwa. Aliyempiga alikuwa mume wa mshtakiwa, naye alikuwa mkuu wa kituo cha polisi cha Londiani, hapa jirani. Askari waliokuwa zamu walimuua papo hapo. Watatu wao walijeruhiwa. Hakimu naye akafariki.

Basi hata afisa wa polisi asikasirike akipekuliwa. Na wewe uliyetoka shambani moja kwa moja, kile kisu cha kukatia kamba za magunia ya viazi kiache nyumbani.