Washindi Walioshindwa na Nafsi Zao



Leo tumependa kuzungumza nanyi juu ya mataifa mawili ya kale, Waajemi na Wayunani. Huenda mtu akauliza: Yanatuhusu nini mambo ya watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita? Yanatuhusu, kwa sababu Kurani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia.

Tuanze na Waajemi. Mfalme Koreshi, ambaye vitabu vya historia humwita Cyrus, aliuteka mji wa Babeli mwaka 539 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa a.s. (Miaka yote tutakayoitaja ni ya kabla ya kuzaliwa kwake.) Wafalme wengi wa zama hizo walihamisha mataifa waliyoyashinda na kuvunja mahekalu yao. Koreshi aliwaruhusu Wayahudi waliokuwa uhamishoni warudi Yerusalemu na kulijenga tena hekalu lao. Baadhi ya wafasiri, akiwemo Maulana Abul Kalam Azad wa Bara Hindi, wamesema huyo ndiye Dhulkarnaini anayetajwa katika Sura Al-Kahf. Baadaye Mfalme Dario aliigawa dola katika majimbo, kila jimbo na liwali wake, na matarishi wa mfalme walibadilisha farasi vituoni katika njia ya kilomita zipatazo 2,500 kutoka Sardis hadi Susa.

Lakini uadilifu ukipungua, kiburi huchukua nafasi yake. Mwaka 480 Xerxes, mwana wa Dario, aliliongoza jeshi kubwa kwenda kuwatiisha Wayunani. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba daraja lililotandikwa juu ya mlango wa bahari wa Hellespont lilipovunjwa na dhoruba, mfalme aliamuru bahari ichapwe viboko 300, na waliosimamia ujenzi wake wakatwe vichwa. Angalieni, ndugu! Mtu amezoea kutiiwa na watu mpaka anataka na maji yamtii.

Je, Wayunani walikuwa na nini? Walikuwa vijiji na miji midogo iliyogombana kila siku. Miaka michache kabla ya vita hivyo, watu wa Athens walipata fedha nyingi katika machimbo ya Laurion. Wengi walitaka igawiwe, kila raia apate fungu lake. Themistocles akawashauri wajenge merikebu za vita. Walishauriana, wakakubali, na kila mmoja akaiacha fedha ambayo ingeingia mkononi mwake. Tena, ingawa Athens ilikuwa na merikebu nyingi kuliko mji mwingine wowote, wenzao walikataa kuongozwa na Mwathens. Wakawaachia watu wa Sparta uongozi, ili umoja usivunjike. Basi katika mlango mwembamba wa Salamis, wingi wa merikebu za Waajemi ukawa balaa kwao, zikasongamana na kugongana, na Xerxes akitazama kutoka pwani. Mwaka uliofuata, jeshi lake la nchi kavu likashindwa huko Plataea.

Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi. Katika baraza la Athens hawakuwa na sauti wanawake, wala wageni, wala watumwa. Na fedha ile ya Laurion ilichimbwa kwa jasho la watumwa.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapa ndipo penye somo. Mwaka 478 Athens na miji mingine ilifanya mapatano ya kuchangia ulinzi wa pamoja, na hazina ikawekwa katika kisiwa cha Delos. Mwaka 454 hazina hiyo ikahamishiwa Athens, na mchango wa hiari ukageuka kuwa kodi ya lazima. Mwaka 416 watu wa kisiwa cha Melos, walioomba tu waachwe bila kuwa upande wowote, walizingirwa; wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Wala hawakufanyiwa hayo na Xerxes. Walifanyiwa na Wayunani wenzao.

Tangu mwaka 431 hadi 404 Athens na Sparta zilipigana. Sparta ilipokea dhahabu ya Waajemi, ikaunda merikebu, na Athens ikasalimu amri. Mwaka 387 mfalme wa Uajemi aliwaamuru Wayunani masharti ya amani, na miji yao ya Asia ikarudi chini yake. Walichokikomboa babu kwa damu, wajukuu walikipoteza kwa ugomvi.

Ndugu wapenzi, nasi tujipime. Jumuiya husimama pale mtu anapokubali kuacha fungu lake na kukaa nyuma ya mwenzake. Huanza kuanguka pale mchango wa wote unapofanywa mali ya wachache, na mwenye nguvu anapomwona ndugu yake kuwa mtumwa wake. Adui wa nje huenda akatukuta tumekwisha jishinda wenyewe.

Mwenyezi Mungu atuepushe na kiburi, atujaalie kushauriana kwa haki, na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.