Aliyeshuka Katika Eropleni Akarudi Chuoni
(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana wa Jumuiya na wazazi wao)



Ipo kazi moja ambayo vijana wengi huitamani tangu utotoni, nayo ni kazi ya kuwahudumia abiria ndani ya eropleni. Mtoto aionapo ndege ikipita juu ya shamba la babaye, huacha jembe akaitazama hata ipotee mawinguni. Na amwonapo mhudumu wa ndege, nguo zake zimepigwa pasi, leo yuko Entebbe na kesho yuko London, hudhani kwamba huyo ndiye aliyepewa dunia. Basi kijana aliyeipata kazi hiyo akisema kwamba ataka kuiacha arudi darasani, nyumba nzima huwa kama yenye msiba. Mama hulia, mjomba huuliza ni nani aliyemroga, na jirani husema kwamba ameipiga teke riziki yake.

Je, ni kweli ameipiga teke riziki? Hilo ndilo swali la leo. Na kwa kuwa maneno matupu hayajengi nyumba, yafaa kuanza na habari ya mwanamke wa kwanza aliyeifanya kazi hiyo. Wala asichukizwe mtu kwa kuwa mfano umetoka nchi ya mbali yenye desturi nyingine, maana fundisho jema hutwaliwa popote lilipo.

Mwanamke huyo aliitwa Ellen Church, naye alizaliwa mwaka 1904 karibu na mji mdogo wa Cresco, katika jimbo la Iowa, Marekani. Alisomea uuguzi, akafanya kazi ya hospitali katika mji wa San Francisco, na zaidi ya hayo akajifunza kurusha eropleni. Mwaka 1930 alikwenda katika ofisi ya kampuni ya Boeing Air Transport. Urubani hakupewa, kwa kuwa zamani hizo kampuni haikukubali mwanamke ashike usukani. Lakini hakurudi nyumbani akinung’unika. Alitoa shauri jingine, akasema kwamba watu wengi waogopa kupanda ndege, na wakimwona msichana muuguzi yumo humo ametulia, hofu yao itapungua. Kampuni ikakubali kujaribu kwa miezi mitatu, wakaandikwa wauguzi wanane, na tarehe 15 Mei 1930 Ellen Church akasafiri kutoka upande wa San Francisco kwenda Chicago. Safari hiyo ilichukua saa 20, na ndege ilitua mahali 13 njiani.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe ilivyokuwa, ili mtu asidanganywe na nguo nzuri. Masharti yalikuwa kwamba msichana awe muuguzi, asiwe na mume, umri wake usizidi miaka 25, uzito wake usizidi ratili 115, na kimo chake kisizidi futi 5 na inchi 4, kwa sababu ndege zilikuwa nyembamba na dari yake ilikuwa ya chini. Mshahara ulikuwa dola 125 kwa mwezi. Kwa fedha hizo alipakia mizigo, alikagua tiketi, alikaza viti vilivyolegea sakafuni, alisafisha ndani, aligawa chakula, aliwauguza waliotapika kwa sababu ya ndege kurushwarushwa na upepo, na ilipolazimu alisaidia kuisukuma ndege kuiingiza katika banda lake. Kadhalika ilimpasa kuangalia abiria mgeni asije akaudhani mlango wa kutokea nje kuwa ndio mlango wa choo!

Hata leo, ingawa ndege zimekuwa kubwa mno, kazi hiyo si kugawa chai tu. Sheria ya Marekani hutaka awepo mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kufanya kazi mpaka ithibitishwe kwamba watu wote waweza kutoka katika muda wa sekunde 90, hali nusu ya milango imefungwa. Mwenye kufanya watu watoke ni yule yule aliyewapa chai. Yeye hufundishwa kuzima moto, kumtibu aliyezimia, na kuwaamrisha watu mia mbili kwa sauti moja. Huamka wenzake walalapo, hulala katika miji asiyoijua, na mara nyingi sikukuu humpata angani. Basi heshima ya kazi hiyo ni kubwa, na uchovu wake ni mkubwa vile vile.

Turudi katika habari. Ellen Church aliifanya kazi hiyo kwa muda wa miezi kumi na minane tu. Kisha akapata ajali ya motokaa, akaumia, ikawa hawezi tena kusafiri katika ndege. Fikirini hali yake. Umri wake ulikuwa yapata miaka 27, jina lake lilikuwa limekwisha julikana, na kazi aliyoianzisha kwa akili yake mwenyewe imemtoka mkononi. Wangapi katika hali hiyo wangekaa barazani wakisimulia mambo ya jana mpaka uzee ukawakuta?

Yeye hakufanya hivyo. Alirudi Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako alikuwa amepata mafunzo ya uuguzi, akakaa tena darasani pamoja na wanafunzi, akapata digrii katika elimu ya kufundisha wauguzi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1936 akawa msimamizi wa wauguzi wa watoto katika hospitali moja ya Milwaukee. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, aliingia jeshini akiwa muuguzi wa ndege, akawahudumia majeruhi waliochukuliwa kwa ndege katika Afrika ya Kaskazini, Sicily, Uingereza na Ufaransa, akapewa nishani. Baada ya vita akawa mkuu wa wauguzi katika hospitali ya mji wa Terre Haute, Indiana. Alifariki mwaka 1965 kwa kuanguka farasi, na uwanja wa ndege wa Cresco umepewa jina lake.

Angalieni, ndugu, jambo la ajabu. Ndege alizitumikia miezi kumi na minane, lakini elimu aliyoifuata baadaye ikamtumikia yeye miaka mingi. Na vita vilipofika, elimu hiyo ndiyo iliyompandisha tena katika ndege, akiwa na cheo kikubwa kuliko cha kwanza. Alichokiacha kwa huzuni kilimrudia kwa heshima.

Yako mengine ya kuzingatia. Mshahara hutegemea anayeutoa. Kwa miaka mingi mashirika ya Marekani yaliwaondoa kazini wasichana walioolewa, na mwaka 1953 shirika la American Airlines liliweka sharti kwamba mhudumu aache kazi ya ndege afikapo miaka 32. Desturi hizo zilipingwa na kuondolewa baada ya sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Na karibu na hapa, wengi wanalikumbuka Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977. Nguo za kazi za shirika hilo zilibaki kumbukumbu sandukuni. Lakini aliyekuwa na elimu ya ufundi, ya hesabu au ya uuguzi, aliibeba elimu yake akagonga mlango mwingine.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila aachaye kazi amefanya vema. Aliyeondoka kwa hasira, au kwa kuwaiga wenzake, au kwa kuchoka usiku mmoja, huyo amekimbia tu. Mwenye kujitayarisha hasa hujulikana kwa dalili zake. Hulipa madeni yake kabla ya kufunga safari. Humpa tajiri wake taarifa mapema, asimwache katika shida. Huweka akiba ya ada, ya chakula na ya kuwasaidia wazazi, naye huijua elimu anayoiendea na kazi itakayotokana nayo. Tena huupunguza moyo wake: aliyezoea kuitwa bwana au bibi na abiria wa nchi zote, akubali kukaa benchi moja na watoto, na kusahihishwa na mwalimu aliye mdogo kwake. Hapo ndipo wengi huanguka, maana ada huweza kukopwa, lakini unyenyekevu haukopeki.

Nanyi wazazi, mwana akija na shauri la namna hii, msiulize kwanza fedha atakazozikosa mwezi ujao. Mwulizeni anakwenda kusoma nini, kwa muda gani, na amejiwekea nini. Akijibu sawasawa, mpeni radhi yenu, kwani msafiri mwenye radhi ya wazazi hana mzigo mzito. Akishindwa kujibu, mshaurini angoje mwaka mmoja akiweka akiba. Kungoja huko ni matayarisho pia. Wala msifanye tofauti kati ya binti na kijana mwanamume katika jambo hili, kwa kuwa ujinga hauchagui nyumba ya kuingia.

Na Jumuiya nayo isikae ikitazama. Mwenye kutoka kazini kwenda chuoni hupita katika miaka ya ukata, na shilingi chache za wakati huo zina uzito kuliko karamu kubwa atakayofanyiwa akisha kurudi na cheti.

Basi jibu la swali ni hili: aliyeacha kazi njema bila ya matayarisho ameipiga teke riziki, lakini aliyeiacha kwa matayarisho, akaenda kutafuta elimu, ameipanda riziki yake katika udongo mwema, na mwenye kupanda hangoji mavuno siku ile ile.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awape wazazi subira ya kuingoja. Amin.